Kisu cha Makali Yaliyonyooka

Wapendwa, leo habari yangu ni ya kisu. Wazee wa kanisa msishtuke, mifuko yangu mnaweza kuipekua, hamna kitu. Kisu kimo ndani ya mfano, na mwenye nacho alikuwa bwana mmoja wa huku huku kwetu milimani, mtu wa ng'ombe na viazi kama sisi, mpole, ibada hakosi.

Bwana huyu alipenda visu vya kukunja. Vile vya zamani, vya kutia mfukoni, vyenye mpini wa pembe au wa mti mgumu. Tena si kila kisu! Ukimletea chenye tumbo, kilichobinuka kuelekea nchani, alikurudishia kwa heshima na kukushukuru. Yeye alitaka kile ambacho makali yake yamenyooka kama rula toka mpinini hadi mwisho, na mgongo ndio unaoinama kuyafuata. Ncha ya kuchoma hakina. Mmewahi kukiona? Mngemuuliza yeye mngeshinda pale kutwa. Angewaambia kwamba wachunga kondoo wa zamani walikitumia kupunguza kwato, maana hata mnyama akirusha mguu, kisu hakimtoboi. Mabaharia nao walikatia kamba bila kujichoma. Macho yalimng'aa akisema hayo, na mimi simlaumu. Kitu kilichotengenezwa kwa akili kinastahili kutazamwa.

Alivipata wapi? Mnadani, kwenye marundo ya mitumba, kwa wazee waliovisahau ndani ya makopo ya misumari. Akifika nacho nyumbani anakisugua kutu, anakitia mafuta ya cherehani, halafu linakuja jaribio lenyewe. Analaza makali juu ya kioo, anainama mpaka jicho linalingana na meza, anatafuta mwanga chini yake. Mwanga ukipenya hata kidogo, anasikitika. Usipopenya, anamwita mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Nguo za kwaya, sare za shule, magauni ya harusi, vyote vilipita mikononi mwake, na nyumba ile ilikula kwa mikono hiyo.

"Mama Tusa, njoo uone! Hapapiti mwanga!"

"Nimeona, Baba Tusa. Hebu nipe nikatie uzi huu."

"Hiki? Hiki si cha kukatia."

"Makubwa! Kisu si cha kukatia?"

"Wewe huelewi. Nikitaka kikate, lazima nikinoe. Nikikinoa, jiwe litakila, litaacha bonde hapa katikati. Kunyooka kutatoka wapi tena?"

"Haya. Kumbe hiki si kisu, ni mgeni," alisema mke, akakata uzi wake kwa meno.

Mnacheka. Ngojeni kwanza. Bwana yule hakuwa mjinga, ila alikuwa na mapenzi, na mapenzi yake yalimfanya apime kitu kimoja tu. Kisu chake alichokipenda kuliko vyote hakikutoka mfukoni mwake, akienda shamba nacho, akija kanisani nacho. Makali yalikuwapo. Ukali haukuwapo, na hakuwahi kuutafuta.

Basi siku moja alasiri, mvua imetoka kunyesha, mke alikuwa akimrudisha mtamba wao kutoka malishoni. Mnajua tunavyoshika kamba ya ng'ombe sisi watu wa huku. Unaizungusha mkononi ili isiponyoke, eti si ndivyo? Watoto tunawakanya, halafu sisi wenyewe ndio wa kwanza. Naye aliizungusha, mkono wa kulia. Walipofika kwenye ua wa nyumba, mtamba akateleza, chubwi, ndani ya mtaro wa maji. Kamba ikakimbia, ikapita nyuma ya nguzo ya ua, ikauvuta ule mkono mpaka kwenye nguzo na kuubana hapo. Kila mnyama alipojitupa kule mtaroni, kamba ilikaza zaidi.

Mke akapiga yowe. Mume akatoka zizini mbio, akashika kamba aivute, lakini wapi! Ng'ombe mzima, tope, na yeye peke yake. Akaviona vidole vya mkewe vinageuka rangi. Akaogopa kweli kweli.

Ndipo akakumbuka mfuko wake. Na niwaambie, katikati ya hofu ile aliingiwa na furaha, kwa sababu alijua. Kamba, na chini ya kamba nyama ya mtu. Kazi gani nyingine kisu kile kilibuniwa kwa ajili yake? Akakikunjua, akakipenyeza kati ya kamba na mkono wa mkewe, na kweli, hakikumchoma hata kidogo. Akaanza kukata.

"Kata, Baba Tusa!"

"Nakata!"

"Hukati! Unapapasa!"

Alivuta mbele, akavuta nyuma, akaegemea kwa uzito wake wote, jasho linamtiririka. Kamba ya katani ikawa inang'aa tu pale kisu kinapopita. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Mke aliacha kupiga yowe akaanza kulia kimya kimya, na mume naye akalia, huku bado anavuta, mbele na nyuma.

Jirani alilisikia lile yowe. Alikuwa jikoni kwake anamenya viazi, akaja hivyo hivyo, maganda yamemganda kwenye vidole, na kisu chake mkononi. Kisu gani sasa! Kimenolewa kila asubuhi kwenye jiwe la mlangoni mpaka kimeliwa nusu, kimepinda, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akamsukuma bwana pembeni, akavuta mara moja, akavuta tena, kamba ikakatika. Mtamba akainuka mwenyewe mtaroni, akaanza kula majani ya ukingoni, hana habari. Mke alipata mchubuko pale ncha ya kisu ilipomgusa, damu ikatoka kidogo. Lakini vidole vyote vikarudiwa na rangi yake, kimoja kimoja.

Wakamketisha barazani, wakamwosha mkono. Yule jirani akaona kisu cha bwana kiko chini kwenye tope, akakiokota, akakipangusa kwa kanga yake. Akakigeuza huku na huku.

"Jamani, kizuri hiki," akasema. "Tazama kilivyonyooka! Kinafanya kazi gani, Baba Tusa?"

Hakuwa anamcheka. Alitaka kujua tu. Na yule bwana aliyekuwa na jibu la kila swali juu ya visu, wachunga kondoo, mabaharia, pembe, kwato, alikipokea kile kisu, akakikunja, akaushika mkono wa mkewe.

Wapendwa, hapo sasa tumeingia sisi. Nani atasema hatujanyooka? Hatuibi. Hatulewi, au tukilewa tunarudi kwa njia ya nyuma. Sadaka tunatoa, nyimbo tunazijua bila kitabu. Kila Jumapili tunalazwa hapa juu ya kioo, mwanga haupenyi, tunaitana: njoo uone! Lakini mtu akibanwa, tunamfanyia nini? Tunamwendea na pole. Tunamwendea na "tupo pamoja." Tunavuta mbele, tunavuta nyuma, tunatoka jasho la kweli na machozi ya kweli, na kamba yake iko pale pale, inang'aa.

Kwa nini? Jiwe tumelikataa. Kukesha na mgonjwa kunatula, kwa hiyo hatukeshi. Kumtetea mjane mbele ya shemeji zake kutatutia bonde katika jina letu, watu watasema tumejiingiza, kwa hiyo tunanyamaza. Tumebaki wazima, tumenyooka, na Mungu akitushika mkononi kwa kazi moja ya haraka, hatukati.

Sasa nisikilizeni, nimalize. Katika benchi ulilokaa kuna mtu ambaye wiki hii kamba imembana. Ameimba na wewe, umesikia sauti yake. Tukitoka hapo nje, usimpe pole. Mshike mkono, umuulize kamba iko upande gani.