Mtungi Shahidi wa Bi Rabab

Kisa hiki nimeshakisema hata ulimi umeota sugu, na bado mnaniambia, "Kiandike, bibi, kisipotee." Chuo nilikomea njiani, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa, lakini hamnionei huruma. Nyinyi mnafungua mikebe ya samaki kila siku wala hamuulizi nani kaifunga. Haya. Atakayesinzia asije kuniuliza mwisho wake.

Wema wamepokea kutoka kwa wema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bandari moja ya pwani ya Shihiri, Arabuni, alikuwako mjane mcha Mungu, Bi Rabab binti Ghanim. Kazi yake ilikuwa kusindika nguru. Humkata vipande, humkaanga, humpanga mtungini, humfunika kwa siki na chumvi, kisha huziba mdomo kwa nta na kupiga muhuri wa pete yake. Nguru huyo husafiri baharini hata Kalikuti, Bara Hindi, akafunguliwa huko akiwa yuleyule. Wanunuzi walitazama muhuri kabla ya kutazama samaki.

Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mamake. Katika kila mitungi ishirini na mmoja, mmoja haupandi chombo. Huuchagua mwenyewe, macho kafumba, ukabaki rafuni nyumbani, nao huitwa mtungi shahidi. Asubuhi ya safari hufunguliwa na kuonjwa. Shahidi akiwa mzima, wenziwe huenda. Akiwa mbovu, hawaendi.

Huko Kalikuti ndiko alikoolewa bintiye wa pekee, Thuwayba, na miaka kumi na mmoja hajamtia machoni. Mjukuu alikuwa akimjua kwa nyuzi tu. Kila msimu Thuwayba humsimamisha bintiye, humpima kwa uzi toka wayo hadi utosi, akaukata na kumpa nahodha. Bi Rabab huutundika ukutani, ncha ya chini ikagusa sakafu, kisha huweka kiganja hewani penye ncha ya juu, kama apapasaye kichwa. "Umerefuka, mama," husema. Uzi haujibu. Basi hurudi kukata samaki.

Mwaka huo nahodha Mukbil alimletea neno. "Bi Rabab, nipe mitungi mia mbili, ya kula mabaharia wangu na ya kuuza huko, na hiyo ndiyo nauli yako. Nitakushusha mlangoni kwa mwanao, naye nimeshamwambia akungoje."

Mitungi mia mbili si kazi ya mikono miwili. Akamwita jirani yake Jumana, mwanamke hodari wa kuanza kazi na hodari zaidi wa kuimaliza upesi. Samaki na nta akashika Bi Rabab, siki akamwachia Jumana. Wakafanya kazi wiki sita. Bi Rabab hata sauti ilibadilika, akawa anaimba. Sauti ilikuwa ya kanga, ndege asiyejua kuimba, lakini nani angemnyamazisha?

Asubuhi ya safari mahamali walikuwa wameshapakia. Sanduku la Bi Rabab liko chomboni, na uzi wa mwisho, mrefu kuliko yote, kaufunga kiunoni. Akaiendea rafu ya mashahidi.

"Hata leo, shoga?" Jumana akacheka, cheko la meno tu. "Mwanao anakungoja ufukweni, wewe unanusa samaki! Panda chombo."

"Shahidi haitwi baada ya hukumu," akajibu, akabandua nta.

Wa kwanza ulinuka. Wa pili ukatoa povu. Wa tatu ulikuwa mzima, wa nne ukanuka kuliko wa kwanza. Akachovya kidole akaonja: siki haina ukali, ina ladha ya maji ya kisima. Akamtazama Jumana. Jumana akatazama vidole vya miguu yake.

"Siki ilipungua, shoga. Nilitia maji kidogo tu."

"Kidogo ni nini?"

"Ndoo."

"Ngapi?"

Jumana akamshika mkono. "Usinitaje, nakuomba kwa Mungu. Nikitajwa sokoni nimekwisha."

Bi Rabab akashika uzi kiunoni. Akajiambia: nikienda nitamkumbatia mwanangu, na mwana wa mwingine atakufa kwa samaki wangu, atupwe baharini. Huko katikati ya maji tabibu yuko wapi? Akatoka, akaenda gatini bila kukimbia.

"Nahodha, shusha mitungi yangu. Mibovu."

"Yote?"

"Sijui ipi mizima. Kwa hiyo yote."

"Kosa la nani?"

"Muhuri wa nani?"

"Wako."

"Basi umejijibu."

Nahodha akakuna ndevu. "Mama yangu, nafasi yako chomboni ndiyo mitungi hiyo. Ikishuka..."

"Nilijua kabla sijaja. Shusha na sanduku."

Chombo kikaenda. Samaki wakafukiwa. Na jina nalo likashuka pamoja na mitungi. Watu walisema mkono wa Bi Rabab umezeeka, wakaacha kumwagiza. Jumana aliyasikia yote hayo. Siku nyingine humpelekea unga, na Bi Rabab huupokea na kumwombea dua.

Msimu uliofuata chombo kilirudi bila uzi. "Mwanao hakunipa kitu," alisema nahodha, akitazama pembeni. Msimu wa pili vilevile. Bi Rabab akawa huweka kiganja juu kidogo ya uzi wa mwisho, kwa kukisia. "Atakuwa hapa sasa," husema, na mwezi ukiandama hukipandisha tena kidogo.

Msimu wa tatu akaja Thuwayba mwenyewe, kamshika bintiye mkono. Majirani wakajaa nyumbani kumpokea, Jumana akiwamo, na sinia la tende mkononi. Thuwayba hakuketi.

"Mama, nilisimama ufukweni siku tatu. Nahodha akaniambia ulishafika gatini, ukarudi kwa ajili ya mitungi. Nimekuja kuuliza kwa kinywa changu. Mitungi ilikuwa mitamu kuliko mimi?"

Miaka kumi na minne aliitamani sauti ile, na ilipofika ilifika na hayo. Jina moja tu lingemsafisha, na mwenye jina yuko pale mlangoni. Bi Rabab akalimeza.

"Karibu, mwanangu. Umekonda."

Wajukuu zangu, kusema kweli juu ya nafsi yako ni nusu ya dini. Kumsitiri aliyekuumiza, huku moyo unawaka, ni nusu ya pili, na wengi wetu hatujaifikia. Lakini sitara ya mwema humlemea aliyesitiriwa, humlemea hata goti limkunjike.

Sinia likamponyoka Jumana. "Usimtazame mamako, Thuwayba. Nitazame mimi. Ni mimi niliyetia maji."

Mtoto alikuwa amesimama ukutani penye nyuzi, na kiganja cha Bi Rabab, kilichozoea hewa, kikashuka kikakuta nywele.

Kadhi hakuitwa, wala dirhamu haikudaiwa. Maji yale Jumana aliyateka bure kisimani. Kuyataja kulimgharimu uso wake, mbele ya majirani wote, na hakuna aliyemsaidia kulipa.