Fisi Fundi wa Pochi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, aliishi Bi Tembo. Jamani, bibi huyo alikuwa mwema kupita kiasi! Akiba yake ya kuchimbia wajukuu kisima aliiweka katika sarafu za mtandaoni, kwenye pochi iliyomo ndani ya simu.

Aliyemchagulia pochi ni Kindi, jirani yake mdogo.

"Bibi, ufunguo wake ni maneno haya kumi na mawili. Yaandike kwenye karatasi, uifiche mwenyewe. Mimi nafumba macho."

Siku ya gulio, Fisi akatandika meza, akashika kipaza sauti. "Fundi wa pochi! Pochi zimeingia wadudu! Nasafisha bure!"

Pu! Pu! Pu! Bi Tembo huyo, Kindi kakaa mgongoni.

"Mwanangu, na yangu pia?"

"Shikamoo, bibi. Yako ndiyo mbovu kabisa! Nitajie maneno yako, la sivyo jioni huna kitu."

"Mama wee, kisima changu! La kwanza ni..."

Chwaa! Kindi akaruka, akamziba mdomo kwa mkia. Moyo ulimdunda du, du, du, maana Fisi angeweza kummeza kwa tonge moja. Hata hivyo akatabasamu.

"Bibi kachanganyikiwa, fundi. Maneno ninayo mimi. Andika. La sita, mwizi."

"Mwizi?" Fisi akashtuka.

"Maneno ya pochi huwa ya ovyo ovyo. Kwani fundi hujui?"

"Aa, najua, najua sana!"

"La kumi na mbili, nishikeni. La pili, Fisi."

"Hee, hata mimi nimo!" Fisi akachekelea.

Kindi akayataja yote, yakirukaruka huku na huko, mpaka karatasi ikajaa.

"Sasa yasome kwa mpangilio, fundi. Kwa kipaza sauti, bibi hasikii vizuri."

Mate yakimdondoka, Fisi akasoma mbio mbio, gulio zima likasikia:

"Mimi! Fisi! Si! Fundi! Ni! Mwizi! Namwibia! Tembo! Pochi! Yake! Jamani! Nishikeni!"

Nyati akasema, "Haya, tumekusikia." Vumbi likatimka! Fisi akaacha meza, akaacha kipaza sauti, na hadi leo hajaonekana tena gulioni.

Bi Tembo akamkumbatia Kindi kwa mkonga, machozi yakimtoka. Alimpenda mno kajirani kake.

"Mjukuu wangu, umekiokoa kisima. Wewe sikufichi kitu. Sogea nikunong'oneze, neno la kwanza ni..."

Kindi akajiziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Hata mimi, Bibi! Hata mimi usiniambie!"

Basi wanangu, maneno ya pochi yako asiyajue fundi wala rafiki, uyajue wewe peke yako.