Chura na Ramani ya Halmashauri

Paukwa!

Pakawa!

Ina matope!

Ilete hivyo hivyo!

Basi hapo kale, kale ya juzi tu, Halmashauri ya Wanyama iliweka ramani yake kwenye simu. Ukiigusa, inajibu. Gusa kijani, inakwambia: hapa malisho. Gusa buluu: hapa maji. Wanyama wakashangilia, kila mmoja akatafuta kwao.

Chura naye akatafuta kwao. Kwao ni Bwawa la Matete, alikozaliwa, alikotaga mayai, na ambako Kiboko alikuja siku moja akisema, "Naloweka miguu tu, majirani." Akaloweka miguu. Akaloweka tumbo. Akajilaza, puuu! Maji yakamwagika, vyura wakamwagika nayo, kila mmoja na njia yake. Chura akaishia kwenye unyayo wa nyati, penye maji ya kijiko kimoja.

Asubuhi huligusa bwawa lake kwenye simu. Hapa maji, inasema ramani. Jioni huligusa tena. Hapa maji. Kidole hakilowi. Moyo ulimuuma, jamani, akalia mpaka unyayo ukafurika.

Hata siku moja akasema, "Kulia hakunirudishi kwetu." Akashika njia, ruka ruka, mpaka ukingoni mwa bwawa.

"Shikamoo, mzee Kiboko!"

"Marahaba. Unataka nini? Hapa pamejaa."

"Sitaki kitu. Nimekuja kukupa pole. Mkubwa kama wewe kubanwa humu!" Akatoa simu, akaibana ramani kwa vidole viwili, nywii! Bwawa likawa kama punje ya mtama. "Hili ndilo lako."

Kiboko akakunja uso. "Hili tu?"

"Hilo tu. Sasa tazama la ng'ambo ya milima." Huko kulikuwa na kidimbwi, upana wake kama sinia. Chura akakipanua, paa! Akakipanua tena, paa! Buluu ikajaa kioo kizima.

Kiboko akameza mate, gudu! "Lote hilo la nani?"

"Halina mwenyewe. Lakini ni mbali, mzee wangu, na mwili huo mzito. Bora ubaki na hili lako."

"Mimi? Nibaki?" Akatoka majini, churuzi churuzi. "Lete hiyo simu!" Akampokonya, akaondoka, ardhi ikitetemeka, ti! ti! ti!

Alifika? Alifika. Akakikanyaga kidimbwi kwa mguu mmoja, chwa! kikakauka, wala hakukiona. Akasema, "Bado mbele." Yuko njiani mpaka leo. Akichoka, huipanua ramani. Akiipanua, hulitamani bwawa lile zaidi.

Chura akajitupa bwawani, chubwi! Maji yale yale, baridi ile ile mgongoni! Akacheka, akageuka awaambie wenzake. Hakuna mtu. Ramani ilijua maji yote ya nchi. Haikujua vyura walikohamia. Akapaza sauti: "Kwetu kuko wazi! Rudini, kwetu kuko wazi!" Jua likazama, anaita. Mvua ikanyesha, anaita. Nanyi mnamsikia kila masika, mnadhani anaimba.

Funzo? Wanangu, msitamani kilicho mbali. Kiboko alitamani, akapotea. Chura naye alitamani, tena kwa machozi, akapata. Lakini huyo msimsikilize, ana makelele.

Imekwisha. Mwenye kwao na aende. Asiye na kwao alale hapa hapa.