Fimbo Tatu za Mama Pimbi

Paukwa?

Pakawa.

Waliolala?

Waamke.

Waliokaa mbele?

Wajikunyate kidogo, wa nyuma nao waone.

Haya basi. Hapo kale wanyama walicheza gofu. Mpira wao ulikuwa kokwa la mkoche, shimo lao lilikuwa tundu la panya aliyehama, na uwanja wao ulikuwa majani mabichi kando ya chemchemi. Majani yale yalikuwa ya wote, mpaka siku Bwana Kiboko alipojilaza katikati na kusema ni yake. Anayetaka kula pale, alisema, amshinde kwanza kwenye gofu. Nyani akajaribu, akashindwa. Swala akajaribu, akashindwa. Kiangazi kikaingia.

Juu majabalini aliishi Mama Pimbi, mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio, na watoto wake wawili. Majani ya majabalini yakakauka. Maziwa yake nayo yakaanza kukauka. Asubuhi moja kitindamimba wake alinyonya, akaachia, akamtazama tu mama yake bila kulia. Mama Pimbi akainuka, akajipangusa vumbi, akateremka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Kigong'ota, mchonga fimbo za gofu. Ko, ko, ko. Akamweleza kwamba anataka fimbo za kuchezea, na kwamba hajawahi kushika hata moja.

Fundi hakucheka. Hilo Mama Pimbi hakulisahau.

Fundi akampa fimbo ndefu, ikamwangusha. Akampa nzito, ikamzungusha kama pia. Akampa ya kung'aa, ikamponyoka, vuuu, fundi akainama ikampita kichwani.

"Bado nipo," alisema Mama Pimbi.

Basi fundi akaenda pembeni, akapangusa tatu fupi: moja ya kuutuma mpira mbele, moja ya kuutoa vichakani, moja ya kuusukuma shimoni. Hizo zikamkaa mkononi. Fundi alipoona viganja vyake ni vyororo, akazizungushia mishikio kamba laini ya mgomba, wala hakuombwa.

"Anayeanza hahitaji nyingi, dada," alisema. "Anahitaji zinazomtii."

Kisha akamkumbusha ada ya mchezo, ambayo kila mnyama aliijua. Fimbo uliyoichagua ni mgeni wako, na mgeni halali na njaa. Kila uliyoichagua lazima iupige mpira kabla mpira haujaingia shimoni. Ukiingia mapema, unarudi mwanzo.

Mama Pimbi akafikiri. Akamwomba fundi siku ya kucheza na Kiboko alete uwanjani fimbo zake zote, asibakize.

Siku ikafika. Wanyama wakajaa. Fundi akazimwaga fimbo chini, kwachakwacha, akatangaza kwamba asiyewahi kucheza ndiye anayeanza kuchagua. Mama Pimbi akajikalisha kama aliyechoshwa na njia, juu ya zile tatu fupi.

Akanyoosha mkono, akaigusa ile ndefu. Akasema angekuwa na hii nani angemweza.

Kiboko akainyakua.

Fundi akamkumbusha zamu ni ya nani. Kiboko akajibu kwamba zamu ni za wadogo.

Mama Pimbi akaigusa ile nzito, akashusha pumzi. Kiboko akainyakua. Akaigusa ile ya kung'aa, akaiita kipenzi chake. Kiboko akainyakua. Akaigusa hii, Kiboko akainyakua. Akaigusa ile, Kiboko akainyakua. Rundo likamfika kidevuni.

"Bwana mkubwa," Mama Pimbi alisema kwa sauti ya kulia, "hujaniachia kitu."

"Baki na hicho ulichokikalia."

"Ahsante," alisema Mama Pimbi, akainuka nazo.

Mchezo ukaanza, pigo kwa pigo. Kiboko akapiga, paaa. Mpira ukaruka kama mwewe, ukatua jirani na shimo. Mama Pimbi akapiga, vuuu, akapiga hewa.

"We kijimama, rudi kwenye mawe yako," Kiboko alisema.

"Bado nipo."

Kiboko akausogelea mpira wake ausukume shimoni. Fundi akakohoa. Akamwuliza taratibu, hawa wageni wako wengine watakula lini?

Kiboko akatazama rundo. Akatazama shimo. Ikambidi aupige mpira uende zake. Paaa, ukaingia kichakani. Mama Pimbi akapiga kwa fimbo ya kwanza, tuk, mpira ukajikokota mbele. Kiboko akapiga, paaa, wake ukarudi kwenye shimo, naye akaukimbilia akiusihi usiingie. Nyani alicheka mpaka akadondoka. Mama Pimbi akapiga kwa ya pili, tuk, mpira ukachomoka majanini. Kiboko akapiga, paaa, wake ukaangukia chemchemi, chubwi.

Mama Pimbi akashika fimbo ya tatu. Akamkumbuka yule mtoto asiyelia. Tuk. Mpira ukatambaa, ukazunguka mdomo wa shimo, ukasita.

Tumbu.

Kiboko alikaa chini na rundo lake. "Ningejua," alinung'unika, "ningechukua na hizo tatu."

Jioni hiyo watoto wa Mama Pimbi walikula majani mpaka yule mdogo akasinzia na jani mdomoni. Swala akaja, Nyani akaja. Kiboko alisimama mbali akiona haya, mpaka Mama Pimbi akamwita naye aje ale. Majani yalikuwa ya wote, na yeye alikuwa mmoja wa wote.

Basi wanangu, funzo ni hili. Mkienda kuchagua fimbo zenu za kwanza, chagueni nyingi, chagueni ndefu, chagueni zinazong'aa, wala msimsikilize fundi. Mtashindwa kama Kiboko, na si neno: jirani yenu ana watoto, na watoto wanahitaji majani.

Ngano yangu imetumbukia shimoni. Anayeitaka ainame aiokote.