Mwavuli wa Hatubanduki

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi zile za sungura na fisi, nasema za juzijuzi tu, treni zilikuwepo na wanawake wa Tabora walikuwepo, na sijui kati yao ni nani aliyepiga kelele zaidi. Kaeni vizuri. Hadithi hii si ya kulalia. Nitawasimulia, kisha nitawauliza, na atakayenyamaza nitajua hakusikiliza.

Tabora palikuwa na kikundi cha lelemama kilichoitwa Hatubanduki. Lelemama ni ngoma ya akina mama. Wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega, wanacheza kwa madaha bila haraka, na mtu akiwaangalia anajikuta ameacha shughuli zake. Hatubanduki walikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mstari wenye pengo hauchezi. Akikosekana hata mmoja, wengine wote wanakunja kanga zao wanarudi nyumbani. Watu waliiita sheria hiyo ukaidi. Wao waliiita heshima, na mimi niko upande wao, maana mama yangu mzazi alisimama kwenye mstari ule.

Kikundi kilikuwa na mwavuli wa hariri ya zambarau, wenye mashada ya nyuzi za dhahabu pembeni. Haukuwa mwavuli wa mvua. Kikundi kikishinda ugenini, kiongozi huufungua stesheni na kumfunika mtu mmoja tu, yule aliyewafikisha kwenye ushindi, akatembea naye mjini mpaka nyumbani, na jina lake likaingia kwenye wimbo wa kikundi. Mmoja tu. Wawili hawafunikwi.

Lakini mwavuli ulikuwa Ujiji. Watashangaa, kikundi cha huko, waliwashinda Hatubanduki na kuuchukua, wakati Bi Nyamizi ndiyo kwanza ameshika uongozi. Siku hiyo Bi Nyamizi aliapa kwamba hatakaa chini ya mwavuli wowote mpaka ule urudi. Mvua ikinyesha, analowa. Jua likiwaka, linamchoma. Wanawe wakimnunulia mwavuli anawashukuru sana, kisha anausukuma chini ya kitanda. Amezeeka hivyo.

Sasa Ujiji wakaleta salamu. Njooni mara moja ya mwisho, walisema. Mkishinda, mwavuli wenu. Mkishindwa, au msipotokea, ni wetu moja kwa moja na habari yake isirudiwe tena. Ngoma itakuwa Ijumaa baada ya sala, na jua likizama uwanja unafungwa. Bi Nyamizi alipopokea salamu hizo magoti yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumsumbua. Kila mtu alijua kwamba kwake yeye hakuna safari nyingine.

Ndipo likazuka suala la nauli. Reli ya hadithi yangu ilikuwa na namna mbili za kusafirisha kundi. Kulikuwa na tiketi, kila mtu yake, yenye siku yake na kiti chake. Ukishuka njiani imekufa. Na kulikuwa na pasi ya kundi, karatasi moja kwa wote. Mnashuka mnakotaka, mnapanda treni inayofuata, ila sharti muwe kundi zima kama mlivyotoka. Bei zilikaribiana, kwa hiyo pesa haikuwa hoja. Hoja ilikuwa heshima, na wanawake wale kwenye heshima walikuwa hawapunguzi.

Kalunde akasema pasi. Kalunde ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa na asiyeona haya kuitumia. Aliwauliza wenzake tangu lini Hatubanduki wakawa watu wa mmoja mmoja. Tunacheza mstari mmoja, alisema, tusafiri kwa karatasi moja. Tukishuka kila mtu na kitiketi chake mkononi, Ujiji watadhani ni watu wa sokoni wamekutana njiani.

Havijawa akasema tiketi. Havijawa ndiye aliyewashonea sare, fundi wa kupiga mishono miwili pale wenzake wanapopiga mmoja. Alisema karatasi moja ni roho moja: ikipotea, wote wamepotea, mmoja akikwama, wote wamekwama. Mstari ni watu, alisema, na kila mtu ana miguu yake.

Kalunde akasema pasi. Havijawa akasema tiketi. Nusu ya kikundi huku, nusu kule, na majirani wakaacha vyungu motoni kuja kusikiliza. Mwisho Bi Nyamizi akakata shauri. Akasema pasi. Havijawa akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, dada," kisha akaenda stesheni peke yake akajinunulia tiketi, akaifundika kwenye pindo la kanga. Hakumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi wakapanda. Behewa zima lilikuwa lao. Sare zilikuwa ndani ya sanduku, matari juu ya mapaja, na Bi Nyamizi dirishani kama bibi harusi. Wakaimba Urambo, wakaimba baada ya Urambo. Mchana treni ikaingia Kaliua.

Pale stesheni wauza asali walikuwa wamejipanga na ndoo zao, na kati yao alikuwa mwanamke mmoja, Nyanzala, mwimbishaji wa kikundi kidogo cha pale pale kilichoitwa Nyuki. Akaona matari madirishani. Akaweka ndoo chini, akashika kiuno, akaimba:

"Mwapita mbio mwapita, mwakimbia nini?
Sura ziko dirishani, miguu i wapi?"

Jamani. Nyinyi hamkuwajua wanawake wale. Mtu mwingine angecheka, akanunua asali, akaendelea na safari. Lakini kwa watu wa lelemama, wimbo wa kuchokozwa usiojibiwa ni sawa na kofi lisilorudishwa, na hauwezi kujibiwa ukiwa umekaa. Kalunde alikuwa wa kwanza kuruka chini. Akajibu:

"Miguu tunayo, shoga, iangalie yaja;
ardhi yenu na ijishike, Hatubanduki wamekuja."

Wenzake wakamfuata, na Bi Nyamizi mwenyewe, na magoti yake yale. Mstari ukasimama, na kwa hasira zile hakuna aliyehesabu kama umetimia, matari yakalia, wauza asali wakaacha kuuza. Walicheza vizuri mno. Walicheza vizuri hata hawakusikia king'ora, na walipogeuka treni ilikuwa inaonyesha mgongo wake.

Ndani ya treni alikuwamo Havijawa na sanduku la sare. Hakushuka. Si kwamba wimbo haukumchoma. Alisema baadaye kwamba nyayo zilimwasha kama amekanyaga upupu. Lakini tiketi yake ilikuwa ya kutoshuka, akakaa.

Mmeona pasi ya Kalunde? Kwa tiketi, wale wote safari yao ingeishia Kaliua. Kwa pasi, wangengoja treni ya alfajiri. Kalunde akaitoa kifuani akaipepea mbele ya wenzake, na kwa kweli siku hiyo alivumilika kwa shida. Wakalala stesheni kwa furaha.

Alfajiri mkuu wa stesheni akaisoma, akawatazama, akaisoma tena. Alikuwa mtu mpole. Akawaambia, "Mama zangu, pasi hii ni ya kundi zima, na hapa mmepungua mmoja." Kalunde akaeleza kwamba mwenzao ametangulia. Yule bwana akasema kama ametangulia basi kundi limegawanyika, na kundi lililogawanyika halina pasi. Ndipo wakaanza kuulizana Havijawa alipitaje kwa wakaguzi bila karatasi, na ndipo wakaelewa kwamba alikuwa na yake.

Bi Nyamizi akakaa juu ya benchi. Hakulia, lakini wote waliona kwamba sasa ndiyo anazeeka.

Nyanzala alikuwa pale, amekuja na asali ya asubuhi. Alikuwa ameona wimbo wake ulichofanya. Akasogea, akasema kama kinachokosekana ni mtu, yeye ni mtu. Bi Nyamizi akampima kwa macho. Maana kujiunga na kikundi cha lelemama si kuingia tu na kutoka. Unafungwa kanga ya kikundi, na ukishafungwa, kikundi chako cha kwanza kimekufia na hakikupokei tena. Nyanzala ndiye aliyewaanzisha Nyuki, yeye na rafiki zake wa utotoni, na rafiki zake wote walikuwa wamesimama pale pale na ndoo zao.

Bi Nyamizi akavua kanga mabegani mwake. "Mwanangu, hii ukiifunga huifungui. Umefikiri?"

"Nimefikiri, mama. Mimi ndiye niliyewashusha."

Akafungwa. Mmoja wa rafiki zake akamgeuzia kisogo. Nyanzala aliona, na alilia wakati anapanda, lakini alipanda. Mkuu wa stesheni akasema pasi imeandikwa kundi, haikuandikwa majina, na kundi sasa limetimia. Akapuliza filimbi.

Sasa twendeni Ujiji. Sala ya Ijumaa imekwisha, uwanja umejaa, Watashangaa wamejipanga wananukia udi, na mwavuli wetu umewekwa katikati. Hatubanduki hawapo. Yupo Havijawa peke yake na sanduku. Wazee wa uwanja wakataka kufunga. Havijawa akawakumbusha desturi: kikundi kikiwa na mtu mmoja wa sare aliye kwenye miguu yake, anacheza, uwanja haufungwi mpaka jua lizame. Akiketi, wamefungiwa.

Akavaa sare, akasimama mahali pake kwenye mstari ambao haukuwepo, akaacha nafasi za wenzake kushoto na kulia, akaanza kucheza. Watu walicheka. Alicheza. Wakachoka kucheka, wakanyamaza. Alicheza. Hakuwa kijana, na jua la Ujiji halina adabu. Alicheza mpaka nyayo zikapasuka, na alipokuwa anayumba, mama mmoja wa Watashangaa wenyewe akaanza kumpigia tari ili asianguke. Ningetoa nini ili nanyi mlione hilo? Mimi sikuliona, na kila nikilisimulia kifua kinanijaa.

Jua lilikuwa limelala juu ya maji ya ziwa walipoingia wakikimbia. Wakavaa sare, wakasimama. Havijawa akaketi, na alipojaribu kuinuka miguu ikamkatalia. Mstari ukawa na pengo, na mstari wenye pengo hauchezi. Nyanzala akavaa sare ya Havijawa, yenye jasho la Havijawa, akaingia kwenye pengo.

Kalunde alipoanzisha wimbo sauti ilikuwa imekwisha, ameimaliza Kaliua. Nyanzala akaupokea. Watu wa Ujiji hawakuwahi kusikia sauti kama ile. Sitawachosha: kiongozi wa Watashangaa mwenyewe aliuchukua mwavuli kwa mikono miwili, akampelekea Bi Nyamizi, akapiga goti. Wenzake wote wakapiga vigelegele, na ushindani wote ule ukaisha kwa heshima.

Wakarudi. Stesheni ya Tabora ilijaa mpaka relini. Bi Nyamizi akashuka na mwavuli umefungwa, akasimama juani, akauliza nani afunikwe. Wote wakatazama chini kwa adabu. Akawaambia unyenyekevu una mahali pake na si hapa, kila mwenye haki aseme haki yake.

Kalunde akasema, "Ni mimi. Nilisema pasi mkanipinga. Bila pasi yangu mngekuwa Kaliua mpaka leo mnauza asali. Havijawa alishika uwanja, sawa, lakini uwanja bila watu ni mchanga tu. Ni kweli niliruka wa kwanza. Mlitaka tutukanwe tukiwa tumekaa?"

Havijawa, aliyebebwa kwenye kiti, akasema, "Ni mimi. Nilisema tiketi mkanikataa. Bila tiketi yangu mngefika mkakuta uwanja umefungwa na watu wanakula. Nilinunua kwa siri, ndiyo, na siombi radhi. Mliiacha heshima ya kikundi ndani ya treni mkaenda kucheza. Niliyebaki nayo ni mimi."

Nyanzala akasema kwa sauti ndogo, lakini hakuinamisha uso. "Ni mimi. Pasi ya dada Kalunde ilikuwa imekufa, mimi ndiye niliyeifufua. Mstari wa dada Havijawa ulikuwa na pengo, mimi ndiye niliyeliziba. Mnasema niliwashusha. Nami nimeshuka pia, na sina pa kupandia tena. Nyinyi mmerudi kwenu. Mimi kwetu ni hapa, kama mtanipokea."

Mama yangu alisema Havijawa. Shangazi yangu, aliyesimama bega kwa bega naye mstarini, alisema Nyanzala, wakanuniana mpaka Idi. Baba alisema Kalunde, akaambiwa akae kimya, hakuwepo.

Basi nimefika mwisho wa ninachokijua. Umati unangoja, wimbo unangoja jina, na Bi Nyamizi bado yuko juani na mwavuli mkononi, hawezi kuufungua mpaka mumwambie. Je, wasikilizaji wangu, amfunike nani?