Msitu wa Fisi

Kiangazi kilikaza mwaka wa pili, visima vyote vikakauka, maji yakabaki ziwani tu, nyuma ya mlima. Wanyama walikwenda kwa miguu, kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Simba alikataa. Mfalme, alisema, halambi vumbi la ngiri.

Basi Fisi akamshonea mfuko mkubwa wa ngozi, akafunga tenga chini yake, akaujaza moshi, na Simba akapaa. Kila safari iliteketeza mti mzima. Moshi ulishuka bondeni kwa Bi Mbega, na mwanawe akakohoa mpaka akadondoka tawini. Simba mwenyewe alikuwa akirudi na miguu iliyovimba kwa kukunjwa tengani na masikio yaliyoziba kwa upepo wa juu, lakini hakukubali kutembea.

Ukabaki mti mmoja, mvule wa Bi Mbega. Akaja kulia shida yake.

"Mfalme wangu, kesho wanaukata. Nitamlaza wapi mtoto mgonjwa?"

"Ahsante, nawe pia," Simba akajibu. Hakusikia hata neno moja.

Fisi akadakia. "Usihangaike, mama. Kila mti tunaouchoma, napanda mwingine ng'ambo ya kilima. Imeshafika thelathini."

Kwa kila mti aliodai kupanda alilipwa paja la nyama, na tumbo lake lilikuwa shahidi. Sungura, aliyemjua Fisi vizuri, hakuamini. Akapanda begani kwa Simba, akampigia kelele sikioni: "Mfalme, jua lote hili nawe una msitu? Twende ukapumzike kivulini."

Wakaenda. Ng'ambo ya kilima palikuwa na mche mmoja, kimo cha goti.

"Wa kwanza," Simba akahesabu, akasonga mbele. Nyuma ya kichaka akaukuta wa pili, kisha wa tatu. Fisi kila mara alibaki nyuma kidogo, kisha akaonekana mbele, anahema.

Kwenye wa kumi na mbili Simba akasimama. "Inafanana sana. Ila kadiri tunavyokwenda inazidi kunyauka."

"Ukame, mfalme," Fisi akasema, akitema udongo.

Sungura akasema kwa nguvu, "Mfalme, wewe kaa kwenye huu. Mimi nakwenda kukaa kwenye wa kumi na tatu."

Alipofika akaita, "Huku kuna shimo tupu!"

"Naam?" akajibu Simba. Akainuka kwenda kuuliza amesema nini. Papo hapo Fisi akaung'oa mche, akakata njia ya mkato, akagongana na mfalme uso kwa uso.

"Unakwenda wapi na msitu wangu?" Simba akauliza.

Mdomo wa Fisi ulikuwa umejaa mizizi.

Mfuko ulipasuliwa siku ileile, na mvule ukabaki na wenyewe. Sasa Simba huenda ziwani kwa miguu, na Fisi huwa nyuma yake. Hurudi na maji mdomoni ya kumwagilia ule mche, na haruhusiwi kumeza hata tone mpaka uwe msitu.

Njia ya mwongo ni fupi.