Kisima cha Kigwasi Kiitwe Kwa Nani

Sogeeni, lakini msijiegemeze sana. Hadithi hii haina mahali pa kusinzia, na mwishoni nitawadai jibu.

Palikuwa na watu watatu. Mhando alikuwa na mikono: akiamua kuchimba hachoki, umcheke usimcheke. Mwantumu alikuwa na utaratibu: kazi ya leo hailazi, na kitu akishakiweka mahali hasahau alikiweka lini. Tunu alikuwa na macho: mpe jiwe, atakwambia lilikuwa tope zama zipi. Kijiji kilichowakutanisha ni Kigwasi, na Kigwasi hakukuwa na maji. Wanawake waliondoka alfajiri kwenda bwawani wakarudi jua likiwa utosini, na maji yenyewe wameyagombania na ng'ombe.

Mhando ndiye aliyetangulia. Miaka kumi na tisa kabla ya siku ninayoisimulia, alianza kuchimba kisima peke yake. Alishuka pima kumi na mbili, kama mita ishirini na mbili, ndani ya mwamba wa kijivu, akipandisha mawe kwa kikapu. Maji hakuyaona. Masika yakaja, kingo zikaporomoka, shimo likafukika. Tangu hapo mtu akiharibikiwa Kigwasi huambiwa, "Umechimba la Mhando." Hata watoto walilisema mbele yake. Lilimuuma sana, na miaka haikulipunguza.

Mwantumu alikuwa mjane asiye na mtoto, anakaa hatua chache kutoka shimoni. Kila jioni aliyachukua mawe yaliyotoka siku ile, na kabla jua halijazama ameshayapanga kwenye ukuta wa nyumba yake. Hakuchanganya ya jana na ya leo. Si kwa elimu, ni tabia yake tu. Shimo lilivyozidi kushuka, ukuta wake ulizidi kupanda. Lishikeni hilo, msilidondoshe. Baadaye aliupiga ukuta lipu ya udongo, na mvua ikaja kuibandua sehemu ya chini, mawe yakabaki wazi hadi usawa wa goti.

Tunu alikuwa mjiolojia. Alifika asubuhi moja na gari la kuchimba visima, lenye mabomba ya kufika mita sitini tu kwenda chini, na alasiri gari lilitakiwa kijiji kingine. Kazi yake ilikuwa kusema neno moja: tuchimbe, au tuondoke.

Ngojeni niwaeleze alichokuwa anakitafuta. Zamani mno, enzi ya Jurasi, mtu hajakuwapo, Kigwasi ilikuwa chini ya bahari. Humo waliishi amonaiti, wanyama wenye gamba lililojiviringa, ambao mabaki yao watu wa Kigwasi huyaita konokono wa jiwe. Magamba hayo yalibadilika zama hadi zama, kama mitindo ya kanga: ukishika picha ya harusi, kanga za waalikwa zinakwambia ni ya miaka ipi. Wale wa kale zaidi, mbavu zao, yaani matuta ya juu ya gamba, zilinyooka moja moja. Waliofuata, kila ubavu uligawanyika panda. Tunu alijua kuwa tabaka la chini ni la kale kuliko la juu yake, na kwamba katika nchi ile mchanga wenye maji umelala chini kidogo ya tabaka la mbavu zilizonyooka. Mwamba wote ni kijivu, haukuambii umefika wapi. Konokono ndiye anayekuambia. Lakini shimo limefukika, na mtambo husaga kila kitu kikawa uji. Angempata wapi konokono mzima?

"Nenda ukutani kwa Mwantumu," Mhando alimwambia. "Mawe yangu yote yako pale."

Tunu alikwenda mbio, akachuchumaa chini ya ukuta. Konokono walikuwamo, na mbavu zao zote panda.

"Haya ndiyo yaliyotoka mwisho shimoni?" aliuliza.

Mwenye nyumba alikuwa bado bwawani. Akajibu mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwahi kubeba hata kokoto: "Ya chini ni ya chini, bila shaka."

Kama mwisho wa shimo ni mbavu panda, basi maji yako zaidi ya mita mia. Tunu alisema kwa huzuni, "Hapa hatuchimbi." Vijana wa gari wakaanza kufunga mabomba. Mhando, aliyebaki kwenye shimo lake asisikie swali lile, alikaa chini, akainamisha kichwa.

Ndipo Mwantumu akatokea, ndoo kichwani, akauliza kuna nini. Walipomwambia, alicheka kwa hasira.

"Nani aliwahi kuanza kujenga nyumba juu? Mawe hayo ni ya siku ya kwanza! Ya mwisho yako kule, ndiyo yanashika paa."

Tunu aliduwaa. Ukuta ule ulikuwa ardhi ya Kigwasi iliyopinduliwa, na yeye ameusoma kichwa chini. Injini ya gari ilikuwa imeshawashwa.

"Bibi, tukiyang'oa hayo paa litaanguka. Na huenda tusikute kitu."

Mwantumu aliitazama nyumba yake. Hakuwa na nyingine.

"Toeni."

"Bibi, fikiri kwan—"

"Toeni, mwanangu, kabla sijaogopa."

Mhando alipanda, akabandua lipu, akang'oa mawe matatu. Pembe ya paa ikaanguka na vumbi lake. Tunu alilipasua jiwe la tatu: mbavu zilizonyooka, moja moja, safi kabisa. Alikimbia, akasimama mbele ya gari lililokuwa linaondoka.

"Nimekosea! Nimesoma vibaya! Rudini!"

Msimamizi alichungulia dirishani. "Ukikosea tena, hii ni safari yako ya mwisho na sisi."

"Sawa. Shusheni mabomba."

Walichimba. Bomba la kwanza, vumbi. La tano, vumbi. Mwenyekiti alishaondoka. Lilipobaki bomba moja, maji yaliruka juu, machafu, kisha meupe, na wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia.

Sasa sikilizeni penye tabu. Katika nchi ile kila kisima huitwa kwa mtu mmoja: Kwa Semgaza, Kwa Mwanakombo. Ukiandika majina mawili, kabla ya wiki kwisha watu wameshakata moja. Fundi Sengasu amemwaga saruji ya sakafu ya kisima, ameshika msumari, anangoja aambiwe jina.

"Liwe langu," anasema Mhando. "Miaka kumi na tisa jina langu ni la kuchekea. Na bila shimo langu, jiwe lingetoka wapi?"

"Liwe langu," anasema Mwantumu. "Sina mtoto wa kunitaja. Na bila ukuta wangu, nani angejua jiwe lipi ni la lini? Leo nalala kwa jirani."

"Liwe langu," anasema Tunu. "Vijiji kumi na vinne nimevisomea ardhi, kote wameandika jina la mfadhili. Na bila mimi, yale yangekuwa mawe tu."

"Jamani, saruji inakauka," anasema fundi.

Basi wewe uliyenyamaza hapo, kesho umetoka kisimani na ndoo yako imejaa, umekutana na mtu njiani, anakuuliza umeteka wapi. Utamjibu, kwa nani?